Kovu Lililohama

Fundi wa makochi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, misumari midogo mdomoni na nyundo mkononi, akivuta mkanda wa chini ya springi ukazane, wakati kovu lilipomfikia. Halikumuuma. Alihisi joto kidogo juu ya jicho la kushoto, akajikuna kwa nyuma ya kiganja, akapigilia msumari uliofuata.

Mwenye kochi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akija kila asubuhi kulinda foleni yake, alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, anamtazama.

"Fundi, hilo kovu jana ulikuwa nalo?"

Fundi akatemea misumari kiganjani, akaenda kujitazama kwenye kioo cha kabati la mteja mwingine. Kovu lilikuwa limeikata nyusi yake vipande viwili, la siku nyingi, limekwisha kuuzoea uso. Alilitambua pale pale. Lilikuwa la kaka yake. Alilipata utotoni, siku aliporuka ukuta wa jirani akiwa na kuku wawili wa watu kwapani, akaangukia bati. Mama yao ndiye aliyeizuia damu kwa kitambaa chake cha kichwa, na ndiye aliyekwenda kuomba radhi kwa jirani.

"Hili ni la kaka yangu," akasema.

"Basi umrudishie," akasema mwalimu. "Ila unimalizie kwanza kochi."

Asubuhi hiyo hiyo kaka yake alikuwa ameketi katika ofisi ya mwendesha mashtaka, akapewa kalamu, akatia sahihi. Kwa sahihi hiyo alikubali kuwa shahidi wa serikali katika kesi ya dawa za kulevya ambayo mpaka jana yake alikuwa mshtakiwa wa kwanza. Serikali nayo ilikubali kutomshtaki kwa lolote alilolifanya, katika kesi hiyo na katika mambo yaliyoitangulia. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa haraka, hakupenda kuchambua lipi liingie na lipi libaki. Mshtakiwa wa pili alikuwa Fundi, dada mtu. Sasa alikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Kesi yenyewe ilianza kwa sifa. Kaka yake alikuwa na lori, na kwa miaka mingi alinunua makochi ya Fundi akaenda kuyauza miji ya mbali. Siku moja polisi wa kizuizi cha barabarani walilipasua kochi moja mkono, wakatoa vifurushi vya unga vilivyopangwa vizuri ndani ya sponji. Wakalipakia kochi kwenye gari lao, wakalileta mpaka karakana ya Fundi, wakalishusha kwa adabu, na ule mkono uliopasuliwa wakaufunika turubai. Hawakusema walichokipata. Waliuliza tu: "Hii kazi nzuri ni ya nani?"

Sasa, wiki ile ile fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amepita akitangaza kwamba makochi ya mwanamke hubonyea kabla mwaka haujaisha. Maneno hayo yalikuwa bado yanamwasha. Fundi akapitisha kiganja juu ya mgongo wa kochi, akabonyeza springi, akawaambia maofisa kwa sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo: "Ni yangu. Kila mshono, toka juu hadi chini. Hakuna mkono mwingine ulioligusa." Walimshukuru, wakayaandika maneno yake kama alivyoyasema, wakamfunga pingu. Mdomo uliponza kichwa, na fundi wa ng'ambo, ambaye si mtu mbaya, alivuka barabara akamfungia karakana.

Walipopata dhamana, kaka yake alimshika mabega. Huyu ndiye aliyemlea. Baba yao alipofariki, ndiye aliyeacha shule akabeba magunia sokoni ili mdogo wake amalize, na ndiye aliyemnunulia sindano yake ya kwanza iliyopinda, ya kushonea makochi. Hayo yalikuwa kweli na yalibaki kweli hata baadaye. "Tutasimama pamoja," akamwambia. "Ila usije ukasema kwamba kochi lililala kwa Mama. Ukisema, watamwingiza mama wa watu kwenye mambo haya." Ni kweli kochi lilikuwa limekaa katika chumba cha uani cha mama yao, ambako kaka aliweka mizigo yake kabla ya safari. Fundi hakulisema. Mama ni mama, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayempeleka mama yake polisi kwa ajili ya kochi.

Basi mchana wa siku ile ya kovu akafunga karakana, akaenda kwa mama yao. Kaka yake alikuwa mezani anakula. Nyusi zake zote mbili zilikuwa nzima, na uso wake ulikuwa laini, wa kupendeza kuliko siku zote.

"Kaka, umetia sahihi?"

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Mama, mpe maji huyu, ametoka juani."

"Ulisema tutasimama pamoja."

"Na tulisimama. Halafu wakili wangu akaniambia nikae." Akatafuna, akameza. "Walitaka mmoja aseme. Ningekataa, wangekufuata wewe. Wewe ungekubali kunisema?"

"Nisingekubali. Mungu anajua."

"Unaona sasa? Ilibidi mmoja wetu awe na akili."

Fundi akamtazama mama yake. Mama alikuwa amesimama na jagi la maji, macho yake yanatoka uso mmoja yanakwenda uso wa pili. Hakuna aliyelijua kovu lile kuliko yeye. Akamimina maji, akaiweka glasi mbele ya binti yake. "Jisogezee sahani," akasema, "chakula kinapoa."

Fundi hakula. Alirudi kwa miguu akilia njiani bila kujificha, na watu wakampisha. Ilimuuma kuliko pingu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kwamba mchumaji anaweza kunawa, akainuka, akawaachia wa kwao sahani nzima.

Kesho yake akaenda mahakamani kuuliza. Karani wa masijala alikuwa mama wa makamo mwenye sweta, aliyekuwa akigonga mihuri kwa mkono mmoja na kunywa chai kwa mkono wa pili. Alimsikiliza, akamwinua kidevu, akalikagua kovu kama mtu anayepokea mzigo uliofika salama.

"Huanza na vidogo vidogo," akasema. "Makovu, mikwaruzo. Mazito huja baadaye."

"Mazito gani?"

"Dada yangu, makosa hayafutwi. Ofisi ya kufuta hatuna, na bajeti yake haijawahi kupitishwa. Mtu akipewa kinga ya kutoshtakiwa, makosa yake yanahamishwa. Lazima yapate pa kukaa. Kwenye jalada lenu mlikuwa wawili. Toa mmoja."

"Lakini hayakuwa yangu."

"Yangekuwa yako yasingehitaji kuhama."

Fundi akaona kwamba hilo nalo ni kweli. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. "Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Ipo. Mtu aliyeona kwa macho yake, akila kiapo mbele ya hakimu akasema hili ni la fulani, linarudi kwa fulani hapo hapo. Anzia na dogo. Likirudi moja, mengine hulifuata, kama kondoo. Ila iwe kabla ya hukumu. Baada ya hukumu tunafunga." Akagonga muhuri. "Hilo kovu, nani aliliona likipatikana?"

"Mama."

"Mama yako wewe au yake?"

"Tumbo moja."

Karani akakirudisha kikombe mezani. "Haya," akasema. "Mungu akusaidie." Akaita mtu wa nyuma.

Kuanzia hapo yakaja kwa utaratibu. Harufu ya sigara, ambazo Fundi hakuwahi kuvuta, ikakaa vidoleni mwake na haikutoka kwa sabuni. Mbwa wa kona, ambaye kaka yake alimpiga teke zamani na hakulisahau, sasa alimwachia kaka njia akamfukuza yeye. Jirani mwenye kuku, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, alijikokota mpaka karakana kuuliza kwa nini alimwibia. "Nimemlaumu kakako miaka yote hii," akasema kwa uchungu. "Nimetoka kumwomba radhi sasa hivi." Fundi alimwomba msamaha kwa ajili ya kuku, maana mzee alistahili kuombwa msamaha na mtu fulani, na mtu mwingine hakuwepo.

Hata wifi yake alifika, mke wa kaka, macho yamevimba, akakaa juu ya rundo la magunia. Kila mtu alijua kwamba mumewe alikuwa na mwanamke katika moja ya ile miji ya mbali. "Namtazama sasa, sina kinyongo naye hata kidogo," akasema. "Hasira yangu yote inaelekea huku. Sijui umenifanyia nini, wifi, lakini kuanzia leo mimi na wewe hata salamu basi."

"Pole, wifi," akasema Fundi.

Wifi hakujibu, kwa sababu alikuwa ameshaanza.

Yale ya kesi yenyewe yalikuja mwishoni. Ilikuwa mchana, Fundi anakata kitambaa cha mito ya mwalimu, akaanza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya. Alikumbuka chumba cha uani cha mama yake. Alikumbuka mikono yake ikilifumua kochi, ila ilikuwa mikono yenye nywele na pete ya kaka yake. Redio ilikuwa inatangaza mpira. Alikumbuka akikata sponji, akipanga vifurushi, akishona juu yake kwa mshono aliofundishwa na dada yake. Alikumbuka mama akiingia na kikombe cha chai, akiutazama mkono wa kochi ulio wazi, akiuliza, "Unatengeneza nini?" naye akajibu, "Narekebisha tu, Mama." Mama aliiweka chai chini, akatoka, akaurudishia mlango taratibu.

Hayo aliyastahimili. Kisha likaja lile alilokuwa akiliwaza kaka wakati anashona: wakinikamata, nitawaambia wamwulize yeye, huyu hawezi kukana kazi yake. Na baada ya hilo kikaja kizuizi cha barabarani, soda ya baridi mkononi, na mdomo wake mwenyewe ukiwaambia maofisa: "Msimtishe. Isifieni kazi, halafu ulizeni ni ya nani."

Fundi akaweka mkasi chini. Tangu siku ya pingu alikuwa amejilaumu kwa majivuno yake, akijiona mjinga aliyejifunga kwa ulimi. Kumbe ulimi wake ulikuwa umepigiwa hesabu na mtu aliyemfundisha kusema. Aliipekua kumbukumbu ile akitafuta woga ndani yake, au huruma, au hata aibu ndogo ya kumtosa mtoto aliyemlea mwenyewe. Alikuta kwamba wakati ule kaka yake alikuwa akiwaza kama matairi ya nyuma yatafika mwisho wa mwaka. Hilo ndilo lililomvunja. Alikaa chini katikati ya vipande vya sponji akalia kwa sauti, na fundi wa ng'ambo akazima mashine yake ili asionekane anafanya kazi mtu akilia.

Akampelekea wakili wake habari hizo mbio mbio. Wakili alikuwa amepangiwa na mahakama, mtu mpole mwenye mafua yasiyoisha, na alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umekumbuka vizuri?" akauliza. "Vifurushi vilikaaje?"

"Viwili viwili, vimefungwa kwa karatasi ya gundi ya kahawia."

"Ndivyo vilivyo kwenye vielelezo," akasema wakili, akapenga kamasi. "Basi usiyarudie maneno hayo popote, hata kwa mchungaji. Yalikuwa kichwani mwa kaka yako, sasa yamo kichwani mwako. Ukisimama kizimbani ukaeleza jinsi vilivyofungwa, hujamtaja mtu. Umekiri."

"Kwa hiyo ukweli ninao, na siwezi kuutumia."

"Ukweli ungekuwa na thamani kama usingekuwa nao," akasema wakili. Alionekana kuhuzunika kweli. "Tuna mama yako tu. Nitamwuliza kuhusu kovu, basi. Sitagusa chumba cha uani, asije akapata matatizo. Neno moja linatutosha."

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Kaka yake alipanda kutoa ushahidi akiwa amevaa suti ambayo haikukunjana alipokaa wala aliposimama. Vumbi la mlangoni lilikuwa limewachafua watu wote viatu isipokuwa yeye. Alisema alimwona dada yake akilifumua kochi, akipanga vifurushi na kushona, na kwamba yeye alipakia tu kama anavyopakia siku zote. Hakusema uongo hata kidogo. Picha iliyobaki kichwani mwake ilikuwa ile ile, chumba kile kile, redio ile ile, ila mikono ilikuwa imebadilishwa. Wakili alimgeuza kila upande kwa maswali, na kila upande alikuwa msafi. Mwishoni kaka alimtazama dada yake kizimbani, macho yakamjaa machozi. "Sikujua tulimlea vibaya," akasema, na watu kadhaa wakatafuta leso.

Fundi alimtazama mtu huyu aliyembeba mgongoni kuvuka mitaro ya mvua, akamwona anamwonea huruma. Angependa kumpiga. Angependa pia, na hili lilimtia hasira zaidi, kumwambia asilie.

Kisha akaitwa mama. Alikula kiapo kwa sauti ndogo, akashika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa mikono miwili. Wakili akamwelekeza kwa binti yake.

"Mama, sitakuchosha. Unaliona hilo kovu juu ya jicho la mshtakiwa?"

"Naliona."

"Ulikuwepo lilipopatikana?"

"Mimi ndiye niliyeizuia damu."

"Basi iambie mahakama tu. Aliyeruka ukuta siku ile alikuwa nani?"

Hakimu akainua kalamu. Karani wa masijala alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, kwa kuwa alipenda kujua majalada yake yanaishia wapi. Mama akavuta pumzi, na kabla hajasema kitu Fundi alihisi kovu linalegea pembeni, kama kiraka kilichoanza kubanduka. Upande wa mashahidi wa serikali, nyusi ya kaka yake ikaanza kuwa nyekundu. Kaka akaigusa kwa kidole, akashangaa kidogo, akamtazama mama kama mtoto anayemwuliza mzazi wake kama hiki ni kitu cha kuliwa.

Mama akamwona alivyomtazama.

"Alikuwa huyu," akasema. "Binti yangu. Alikuwa mtundu sana, huyu."

Kovu likatulia mahali pake. Hakimu akaandika. Wakili akapiga chafya, akasema hana swali lingine. Karani akanywa chai yake iliyobaki, akarudi masijala kufunga.

Kabla ya hukumu walipewa mapumziko mafupi. Mama alimfuata binti yake koridoni, ambako askari alikuwa amemkalisha kwenye benchi. Askari akasogea kando kidogo, kwa heshima ya mzazi.

"Mama, uliona."

"Niliona."

"Uliona la kovu na uliona la uani. Uliingia na chai."

"Niliingia na chai," akasema mama. Hakutikisika. Alikaa karibu naye, akamrekebisha kola ya blauzi. "Mwanangu, mmoja ilikuwa lazima aende. Yeye ana watoto watatu, na ukimtoa kwenye lori hajui kitu duniani. Atakufa kule. Wewe una kazi ya mikono. Popote watakapokuweka utapata cha kushona. Toka mdogo ulikuwa mgumu, ukianguka unainuka mwenyewe, sikuwahi kukuhangaikia. Mzigo hupewa anayeuweza."

"Kwa hiyo nimefungwa kwa sababu mimi ni mzuri."

"Kwa sababu nakuamini," akasema mama.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu mbele ya watu. Askari aliitikia kwa kichwa, akiona kwamba mzee ameongea la maana. Fundi aliutoa mkono wa mama kwenye kola yake, akauweka juu ya paja la mama mwenyewe. Kaka alikuwa amemwachia jeraha ambalo angeweza kulieleza kwa mtu. Hili la mama hakuwa na pa kulipeleka.

Hakimu alisoma hukumu kwa sauti ya kawaida. Akaitaja miaka, mingi, akaeleza kwamba amezingatia ushirikiano mzuri wa shahidi wa serikali, na kwamba mshtakiwa hakuonyesha kujutia kitendo chake.

Gerezani maisha yalikuwa kama mama alivyosema. Walipojua ni fundi walimpeleka chumba cha cherehani, wakampa magodoro ya kurekebisha, na haukupita muda mkuu wa gereza akamletea viti vya ofisini kwake. Kosa la mwisho lilimfikia hapo, akiwa na sindano mkononi. Lilikuwa lile la kumsaliti dada. Nalo lilihusiana na kesi, nalo lilikuwa limekingwa kwa sahihi ile ile, kwa hiyo nalo halikuweza kubaki kwa mwenyewe. Lilikuja likakuta aliyetendewa ndiye anayelipokea. Fundi aliketi akiwa wote wawili, aliyemtosa mtu na aliyetoswa. Hasira yake tu haikuhama, maana hasira si kosa. Ilibaki kwake nzima, ila kila alipoigeuza kumtafuta mwenye kosa ilimrudia mwenyewe.

Kaka alimtembelea siku ya kwanza iliyoruhusiwa. Alileta sabuni, dawa ya meno, na salamu za mama, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua. Alikuwa amerudi nyuma miaka kumi; askari wa kike aliyesimamia ukumbi wa wageni alimdhania kuwa mdogo mtu. Alikaa upande wa pili wa wavu, akaweka vidole vyake safi juu ya nyaya.

"Unalala vizuri, mdogo wangu?"

"Nalala."

"Mimi silali. Kila nikilala nakuona unalishona lile kochi. Najiuliza ni wapi nilikosea katika kukulea." Akafuta macho, na yalikuwa machozi ya kweli. "Nimekaa, nimefikiria sana. Mambo uliyofanya ungeweza kunifunga mimi na mama yetu. Lakini damu ni damu. Nimekuja kukuambia nimekusamehe."

 Fundi alikuwa amejitayarishia maneno, mengine makali ya kutosha kumvua mtu ngozi. Aliyatafuta, akayakuta yote yapo, na yote yanamhusu yeye.

"Asante, kaka," akasema.

"Unahitaji kitu?"

"Hapana."

Kaka akainuka, akambusu kwa mbali, akatoka juani. Askari wa kike alimsindikiza kwa macho mpaka getini, akazikusanya sabuni, akazichoma moja moja kwa msumari kuhakikisha hakuna kilichofichwa ndani, kama sheria inavyotaka.

"Wewe una bahati," akamwambia Fundi. "Wengi humu ndugu zao wamewakana. Huyo kakako ni mtu mwema."

"Ni kweli," akasema Fundi. "Hajawahi kumkosea mtu."